Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Harufu ya mkia wa kondoo ukiyeyushwa ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi kwetu Chome, miaka ile ya foleni, mafuta ya taa yalipoadimika na mafuta ya bunduki yakabaki hadithi. Baba alikuwa na bunduki ndogo yenye kibali, ya kulindia mahindi dhidi ya nguruwe pori wa msitu wa Shengena. Aliianika juani uani, akapitisha kitambaa mtutuni kwa uzi, kisha akaipaka yale mafuta ya kondoo mpaka kwenye pini inayogonga ukingo wa risasi. Hakuna aliyeruhusiwa kuifungua ila yeye. "Mkono wa mtu siuamini," alisema, akitutazama sote kama wezi, hata mimi bintiye.

Zamu ya alfajiri shambani ilikuwa ya baba mdogo. Msimu huo nguruwe walifyeka mahindi yetu, naye bunduki anayo. Alirudi ametota ukungu. "Shikamoo kaka. Imegoma tena. Inalia ta, basi." Baba akaipokea bunduki. Alisubiri jua lipande, akailenga kwenye kichuguu, akafyatua. Pa! "Bunduki nzima," akasema. "Moyo wako ndio mbovu. Unataka wanangu wafe njaa kwa ajili ya ugomvi wetu wa mpaka wa shamba?" Jamani, mdogo wake wa tumbo moja! Bibi akaguna tu, kikulacho ki nguoni mwako, na nyumba nzima tukaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Haikupita wiki, baba mdogo akashuka kwenye mashamba ya mkonge. Hakuaga mtu.

Zamu ikamwangukia baba mwenyewe. Alfajiri ile baridi iling'ata vidole. Nguruwe wakaja, akafyatua: ta. Akajaribu tena: ta. Akaifungua palepale, akarudi nyumbani ameishika wazi mikononi. Mafuta yalikuwa yameigandia pini, meupe, magumu kama mshumaa. "Mama Naomi," akamwambia mama, "nimemfukuza mdogo wangu bure." Mara nyingi aliondoka kwenda kumfuata, lakini kila alipofika Same, aibu ilimrudisha mlimani.

Leo duka lolote la Same lina mafuta ya mashine ya kila namna. Biashara ilipofunguliwa, baba alinunua chupa moja, akaiweka kabatini ili waifungue wote wawili. Ninayo mimi sasa, na kizibo chake hakijaguswa. Baba mdogo alizikwa hukohuko tambarare, kwenye joto, ambako mafuta ya kondoo hayagandi hata alfajiri.