Kompyuta ya Kuflashiwa

Mama alipoteleza nyuma ya nyumba akienda kuwasha pampu, kaka yangu mkubwa aliamua papo hapo: Mama ahame Buruburu, akakae kwake Ruai. Maji ya mtaa wetu huja siku yanayotaka yenyewe, na yakija lazima yasukumwe hadi tangi la juu kabla hayajakatwa. Mtu wa magoti mabovu, alisema kaka, hawezi kukimbizana na maji. Mama hakubishana naye. Aliniambia tu nifanye kitu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea kompyuta na yeye bado hajaona faida yake.

Nikafanya. Kompyuta mpya inayoongoza taa na kamera za nyumba sikuigusa, maana ile hujizima na kujiwasha itakavyo, ikidai inajisasisha. Nilichukua nyingine kuukuu, nzito, iliyong'oka vitufe viwili, nikaipa laini ya simu na kazi moja: ikipigiwa na namba ya Mama, iwashe pampu. Mashine yenye kazi moja haichanganyikiwi.

"Hii si ungeuzia tu watu wa vyuma chakavu?" kaka aliuliza.

"Ngoja maji yaje," nilimjibu. Sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Nilikosea jambo moja tu. Niliifundisha ipokee simu na kusema, kwa sauti yangu, kwamba pampu imewaka. Mama alinipigia akiwa amefura. "Mimi nimeflash tu, simu ilie kidogo nikate, yeye anashika. Amekula kredo yangu ya simu." Jioni hiyo hiyo nikaifunza adabu: iache simu ilie, ione namba, ifanye kazi, inyamaze.

Tangu hapo Mama aliflash akiwa kwenye chama, akaflash akiwa kanisani, akaflash hata akiwa ameketi sebuleni na miguu yake juu ya stuli. Jumapili moja kaka alikuja, akafungua bomba la jikoni, akafungua la bafuni, akarudi kukaa. Habari ya Ruai hakuitaja tena.

"Sasa weka na namba yangu," akaniambia. "Siku Mum akisahau, nitaflash mimi."

"Ya huyu usiweke," Mama alisema. Nilicheka. Kisha akanigeukia. "Na yako utoe."

Sikuwa nimemwambia mtu kwamba namba yangu imo. Jirani akiniarifu kuwa maji yamekuja, nilikuwa naflash kutoka kazini, nisimpe Mama nafasi ya kuchelewa.

"Nashika simu nikitaka kuflash, nasikia pampu ishaanza kunguruma," alisema. "Kama si mimi ninawasha, basi ni heri ningeenda Ruai."

"Na ukisahau?"

"Nitakosa maji. Kwani nyinyi hamjawahi kukosa?"

Iliniuma, kwa sababu alikuwa na haki. Niliifuta namba yangu yeye akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, miwani machoni, mpaka ikabaki namba yake peke yake.