Mawe ya Kubadilishana Mabega

Baba mdogo sikumwamini tangu asubuhi ile, alipoitikia shikamoo yangu huku macho yake yako kwenye tairi za gari langu.

Mama alikuwa amevunjika mguu shambani, huko Mbuba, na baba mdogo alishikilia kwamba abaki nyumbani, aitiwe mganga wa mifupa. Muuguzi wa zahanati alisema mguu umeanza kuwa baridi. Asipofika hospitali siku hiyo, utakatwa. Mvua ilikuwa imebomoa daraja la kwendea huko. Ilibaki njia ya mlimani ya kutokea upande wa Kibimba, mawe matupu, njia ambayo zamani wagonjwa walibebwa mabegani kwenye ngobyi, ile machela ya kusuka. Nikasema gari litapita. Mkonga wangu, pikapu ya mizigo, ulizoea kubeba ndizi, si kupanda ngazi, lakini nilishasema.

Ghafla yule yule aliyeikataa safari akajitolea kutangulia kwa miguu, anionyeshe pa kupita. Tangu lini? Hajawahi kushika usukani maisha yake yote.

Nilipunguza upepo kwenye tairi, nikamlaza mama nyuma kwenye godoro, nikambana kwa magunia ya maharage asiteleze, nikaingiza gia nzito. Tukaanza kupanda. Gurudumu moja juu ya jiwe, jingine hewani, bodi inalia, mama anauma kanga yake asipige kelele. Kushoto niliona majani, pametulia. Baba mdogo akanielekeza kulia, kwenye mawe.

"Kushoto panapitika, baba mdogo!"

"Panateleza. Njoo huku."

Panateleza kwa nani? Kwa ndala zake, labda. Nikamfuata nimekunja uso.

Halafu yakaanza mambo ya ajabu. Tukifika kwenye mwinuko mkali, mahali ambapo dereva yeyote anaomba gari lisizimike, yeye ananyoosha mkono: simama. Anasimama kando ya jiwe bapa, anajisugua bega, anatazama chini. Kisha ananiita niendelee. Mbele kidogo jiwe bapa jingine, na mkono tena. Kila nikiondoka gari linarudi nyuma kwanza, na mama anaguna. Hasira zikanipanda. Huyu anataka klachi iungue, nikasema moyoni, tukwame, tumrudishe mama kwa mganga wake.

Karibu na kilele nikaona ngazi ya mwamba, kimo chake chafika goti la mtu. Hapo ndipo pa kusimama kweli: ushuke, uangalie difu, lile tumbo la chuma chini ya gari, itapita wapi, upange mawe. Na hapo ndipo baba mdogo, aliyenisimamisha njia nzima, alipoanza kupunga mikono yote miwili kama anayefukuza ng'ombe shambani.

"Usisimame! Pita! Pita!"

Nikakanyaga breki. Sasa nilikuwa na hakika.

"Mwanangu," mama akaita kutoka nyuma, sauti imekauka. "Mbona umesimama hapa?"

"Huyu shemeji yako anataka kutuua."

"Alikuwa mmoja wa waliombeba baba yako kwenye ngobyi. Kila jiwe alilokusimamisha, ndipo walipomtua, wakabadilishana mabega. Hapa walimtua mara ya mwisho. Walipoinama kumwinua, alikuwa ameshakata roho. Hakuna aliyejua ni saa ngapi aliacha kuwaitikia."

Nilikuwa mdogo wakati ule, nikilelewa kwa bibi kule Kaniha, Biharamulo. Niliambiwa tu kwamba alifia njiani. Sikuwahi kuuliza njia gani.

Baba mdogo bado alikuwa anapunga mikono, machozi yanamtoka waziwazi. Nikaachia breki. Sikushuka kuangalia difu. Pua ya gari ikanyanyuka nikawa naona mawingu tu, kitu kikagonga chini kwa kishindo, mama akapiga kelele kwa mara ya kwanza. Kisha magurudumu ya nyuma yakashika mwamba, na Kibimba ikawa chini yetu.

Baba mdogo akaja mbio, akapanda nyuma. Alikaa sakafuni, akaushika mguu wa mama kwa mikono miwili usitikisike. Wala hakunionyesha tena njia.

"Shemeji, upo?"

"Nipo."

Nikaanza kuteremka. Kabla hata sijafika kwenye kona ya kwanza, akamwuliza tena.