Sifa Zilizotangulia Kazi

Watu wa mitaa yote ya karibu na soko walimwita Nukta, kwa sababu katika miaka thelathini ya kuchonga maandishi kwenye mawe hakuwahi kusahau hata nukta moja. Jiwe si karatasi, alikuwa akisema. Ukikosea hakuna kufuta, kuna kuanza upya. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, meza nzito ya mbao, tindo kumi na moja zilizopangwa kwa ukubwa, na vumbi jeupe lililokalia kila kitu mpaka nyusi zake mwenyewe.

Ujana wake aliumaliza kwenye machimbo ya mawe, yeye na kaka yake. Huko vumbi lilimla kaka mtu mapafu kama lilivyowala wengine, na wenye machimbo wakasema ni sigara. Ndipo akatokea wakili mmoja kijana, mwembamba kama ufito, akasimama mahakamani miaka mitatu bila kuwadai chochote, mpaka wachimbaji wakapata haki ya kutibiwa. Kaka mtu hakuifaidi sana, lakini angalau alifia hospitali, kwenye shuka safi, maumivu yametulizwa. Nukta hakusahau. Kila mara Wakili alipopita barabarani, Nukta aliweka tindo chini na kusimama.

Basi Wakili alipogombea umeya, Nukta alimpigia debe nyumba kwa nyumba mpaka sauti ikamkauka. Wakili akashinda. Hata miezi minne haijatimia, madiwani wakaamua kwa kauli moja kwamba hospitali ya mji ipewe jina lake, na jiwe kubwa la marumaru lisimamishwe langoni. Kazi ikaja kwa Nukta. Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa anapinda mkono wa gauni. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni, kisha akaitoa.

"Hospitali nzima?"

"Nzima."

"Baba nanihii, huyo mtu hajajua hata choo cha ofisi yake kiko upande gani, mmeshampa hospitali!"

"Kwani wewe hujaona alichotufanyia?"

"Nimekiona, na nitakishukuru mpaka naingia kaburini. Lakini uwakili ameshaumaliza. Umeya ndiyo kwanza anauanza. Mgema akisifiwa..."

"Ah! Usiniletee mgema wako hapa," Nukta akamkata, huku akicheka.

Alilichonga lile jiwe wiki sita. Madiwani walimpa jina la meya na maneno matatu: MTETEZI WA WANYONGE. Nafasi ilipobaki chini, Nukta akaona haipendezi kuiacha tupu. Akaongeza kwa mapenzi yake: LEO NA DAIMA. Hakuna aliyelalamika. Siku ya kulifunua, meya alimkumbatia mbele ya umati mzima, na vumbi la mchonga mawe likabaki kwenye suti yake nyeusi. Nukta alilia bila aibu.

Binti yao, kitinda mimba, alikuwa muuguzi katika wadi ya wazazi ya hospitali hiyohiyo. Mwaka uliofuata glavu zilianza kuadimika. Wauguzi wakawa wanazifua na kuzianika kama soksi, kisha wanazivaa tena. Waliandika barua tatu kwa meya, hazikujibiwa. Asubuhi moja, kumi na wawili kati yao, binti akiwamo, walisimama uani na barua ya nne mkononi, wakiwa wamewaachia wenzao wagonjwa. Walisimama saa mbili tu, wakarudi kazini.

Habari za saa saba mchana zilimkuta Nukta karakanani, redio iko rafuni. Meya mwenyewe ndiye aliyezungumza. Wauguzi kumi na wawili wamefukuzwa kazi. Ni wasaliti wa wagonjwa, alisema, na wanatumiwa na watu. Ilikuwa sauti ileile ya mahakamani, tulivu, kila neno mahali pake. Nukta aliisikiliza mpaka mwisho, akaizima.

Alikaa siku mbili kwenye benchi la ofisi ya meya. Siku ya pili meya alitoka mwenyewe, akamshika mkono, akamwingiza ndani na kuagiza chai.

"Mheshimiwa, wale watoto waliomba glavu tu."

"Najua, mzee wangu."

"Wachimbaji nao waliomba vitambaa vya kujiziba pua. Ulisema kuomba si kosa."

Meya alikoroga chai yake kwa muda. "Wakati ule nilikuwa nje. Ukiwa ndani, mambo unayaona vingine."

"Basi wasikilize. Hata saa moja."

Meya alitabasamu, na hakukuwa na ubaya wowote katika tabasamu lile. "Mzee, mji huu unanijua mimi ni nani. Watoto wa juzi hawawezi kunifundisha kutetea wanyonge. Kwani si wewe mwenyewe uliyeandika? Leo na daima."

Nukta alisogeza kikombe, akasimama. Aliaga kwa adabu, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Jirani mmoja alimshauri akayabandue yale maneno. "Mapigo mawili matatu, yamekwenda!" Nukta alikataa. Jiwe halikukosa, alisema. Aliyekosa ni mkono. Nyumbani alingoja mkewe amwambie si nilikwambia. Mwanamke yule alimsogezea kiti.

"Kumpenda aliyemsaidia ndugu yako si kosa," akasema. "Ulikuwa na haraka tu."

Miezi michache baadaye karani wa madiwani alileta kazi nyingine: jiwe la daraja jipya, lenye mistari minne ya kumsifu meya. Nukta aliusoma mchoro wa karani mara mbili.

"Jina nitachonga. Tarehe nitachonga, hata na majina ya mafundi waliolijenga. Sifa za mtu aliye bado kazini, hapana."

Karani alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona hataniwi, alikunja mchoro wake na kwenda kwa mchongaji mwingine. Tangu hapo kazi za madiwani zilikoma, Nukta akabaki na mawe ya makaburi. Akikutana na meya barabarani bado alimsalimia. "Wakili namshukuru," alimwambia mkewe. "Meya ndiye simwelewi."

Binti alipata kazi katika zahanati ndogo ya mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi. Wazazi wakaenda kumtembelea. Walimkuta ukumbini anatembea mbiombio, mikono ameiinua kifuani, glavu mpya zimembana vidole.

"Shikamooni! Msinishike! Kaeni hapo kwenye benchi, kuna mama karibu anajifungua."

Mlango ukafungwa. Mkewe akatoa karanga kwenye mkoba, wakatafuna. Mzee mmoja aliyekaa pembeni akamuuliza Nukta anamsubiri nani.

"Mwanangu," Nukta alijibu. "Yuko kazini."