Foleni Iliyokaa Kivulini

Kila siku kabla ya kwenda kazini, Komeo alikuwa akisimama mbele ya kioo cha kabati, akalivuta shati lake jeusi likamkaa sawa kifuani, kisha akajiambia kwa sauti nzito, "Subiri pembeni." Mara ya kwanza ilitoka kama ombi, hakuipenda. Mara ya pili ilitoka kama tusi, nayo hakuipenda. Alipoipata ile ya katikati, isiyomvunjia mtu heshima wala kumpa matumaini, alichukua kofia yake akaondoka. Watoto wake mapacha walikuwa wameshaikariri. Ukiwaita kuoga, wanakujibu vivyo hivyo.

Komeo alikuwa mlinzi wa mlango wa ukumbi wa disko. Jina hilo alibandikwa na vijana, likamganda hata mama mkwe wake akalizoea. Alikuwa pandikizi la mtu, mabega kama mlango wenyewe, lakini kuku akichinjwa nyumbani yeye hutoka nje mpaka aambiwe kwamba mambo yamekwisha. Mkewe alikuwa mhudumu wa zahanati, na kazi yake kubwa ilikuwa kupanga wagonjwa. Wakati wa uchumba Komeo alimwambia, "Mimi na wewe kazi yetu moja. Wewe unapanga wanaoumwa, mimi napanga wazima." Mke aliipenda kauli hiyo, akaitangaza zahanati nzima. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kufika ukumbini kuiona kazi ya mumewe, na Komeo alimwomba Mungu iendelee kuwa hivyo.

Kwa sababu foleni ya Komeo haikuwa ya kupangwa, ilikuwa ya kupindwa. Meneja alikaa dirishani ghorofani, akimwongoza kwa kidude alichomvalisha sikioni. Aliyeshuka kwenye gari aliingia. Mwenye viatu vya kung'aa aliingia. Waliobaki walisimama nje hata kama ndani hamna mtu isipokuwa mpiga muziki na mhudumu wa kaunta, maana meneja aliamini foleni ndefu ndiyo tangazo. "Mpita njia akiona watu wanateseka nje," alipenda kusema, "anajua ndani kuna raha."

Basi Jumamosi moja ukumbi ukaandaa disko la mchana, na mke wa Komeo akasema atakuja.

"Nitapanga foleni kama watu wengine," alisema. "Sitaki kubebwa."

Komeo akamwambia kutakuwa na joto, muziki utamuumiza kichwa, na vijana wa siku hizi hawana adabu.

"Kwani wagonjwa wangu wanayo?"

Alifika alasiri, moja kwa moja kutoka zamu. Gauni alikuwa amebadili, la bluu, zuri, lakini miguu ilikuwa imevimba na viatu vya mtoko vilikataa katakata kuingia, kwa hiyo akabaki na raba nyeupe za kazini. Aliikuta foleni imekauka juani. Wa mbele kabisa alikuwa fundi bomba mmoja, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani.

"Kaka, umefika muda mrefu?"

"Nilipofika, dada yangu, shati hili lilikuwa kavu."

Wakati huohuo gari likasimama, wakashuka vijana wanaonukia manukato. Komeo, ameinamisha uso ili asigongane na macho ya mkewe, akawafungulia mlango. Foleni ikaguna.

"Hao ni wagonjwa mahututi?" mkewe akauliza kwa upole.

"Mahututi wa pesa," fundi akasema, na watu wakacheka.

"Na yule mlinzi ndiye anayepanga?"

"Yule? Yule hapangi, anapangua."

Komeo aliyasikia yote. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale mlangoni.

Mkewe hakuwa mtu wa magomvi. Alikuwa mtu wa foleni. Zahanati yao haikuwa na namba wala viti vya kutosha, kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao: ukifika unauliza, "Wa mwisho nani?" Unamshika mtu huyo kwa macho, kisha unakwenda kukaa popote. Ukimpoteza, umejipoteza mwenyewe. Akaipitia foleni mbele mpaka nyuma akiwafundisha. "Wewe mshike huyu wa kofia. Wewe mshike dada wa mistari. Haya, tokeni juani, hakuna zawadi ya kusimama." Watu wakavuka barabara, wakakaa kwenye baraza ya duka la vitambaa lililofungwa. Wengine wakavua viatu. Mzee mmoja akasinzia kwenye bega la mtu asiyemjua.

Mlangoni akabaki Komeo peke yake, kama mlingoti usio na bendera.

Kidude kikalia sikioni. "Foleni iko wapi?"

"Ipo, bosi."

"Ipo wapi? Mimi naona barabara."

"Imekaa."

"Foleni inakaaje?"

Komeo akatazama ng'ambo. "Kivulini, bosi."

Wakapita vijana kadhaa, wakautazama mlango usio na mtu. Mmoja akasema, "Hapa pamekufa," wakaenda zao. Likaja kundi jingine, nalo likapita bila hata kupunguza mwendo. Meneja aliyaona hayo kutoka dirishani, na sauti yake ikaanza kupanda. "Waingize. Waingize wote kabla hawajaondoka."

Komeo akapunga mkono, akaona jambo ambalo hajawahi kuliona tangu aanze kazi ya mlango. Fundi bomba akainuka kwanza. Wa kofia akamfuata. Dada wa mistari akamfuata huyo, na mzee akaamshwa kwa heshima zamu yake ilipofika. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mikono ya Komeo ikakosa kazi, akaificha nyuma.

Wa mwisho alikuwa mkewe, kwa kuwa ndiye aliyefika mwisho.

"Huyo mama wa raba za hospitali abaki," kidude kikasema. "Atatuharibia picha. Muondoe hapo."

Mkewe alikuwa amesimama mbele yake, mkoba kwapani, akimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayetaka kuruka zamu. Komeo akajua kwamba akikaidi, kibarua chake kinaweza kuota nyasi jioni hiyohiyo, na mapacha wanakula kama nzige. Akakichomoa kidude, akakitia mfuko wa shati, kikaendelea kulia humo kama panya aliyenaswa kwenye kopo.

"Karibu, mama," akasema, akamshikia mlango kwa mikono miwili.

Mkewe alicheza na raba zake miguuni mpaka fundi bomba akaomba apumzike. Meneja alishuka amefura, akakuta ukumbi umejaa na soda zinakaribia kwisha, akashindwa aanzie wapi hasira zake. Hakumfukuza Komeo. Alimhamishia mlango wa nyuma, apokee kreti za soda.

Jua lilipozama walirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima Komeo alitamani angalau agombezwe. Karibu na nyumbani mkewe akasimama.

"Baba watoto, nisingekuwa mkeo, ungeniingiza?"

Uongo ulimjia Komeo mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza.

"Hapana," akasema. "Nisingekuingiza."