Mboga ya Mashavu

Mjomba wangu, mpiga tarumbeta, tunamwita Mashavu, maana akipuliza uso wote unahamia pembeni. Tangu ujana hagusi tunda. Eti uchachu unakunja midomo, na midomo kwake ni kama cherehani kwa mkewe, fundi wa nguo. Yeye ni chai, mkate na yai, asubuhi hadi usiku.

Mwaka huu fizi zikavimba, zikaanza kutoa damu. Meno yakacheza. Miguu ikajaa mabaka kama ya kipigo, majirani wakaanza kumwamkia mkewe kwa heshima mpya. Tarumbeta nayo ikawa inalia kama mbuzi aliyekanyagwa.

"Usipopona," kiongozi wa bendi akamwambia, "kiti chako nampa mwingine."

Hospitalini, daktari, dada mmoja mpole, akammulika mdomoni. "Mzee, mboga unakula?"

"Kila siku!"

Akapewa dawa ya kusukutua. Mdomo ukanukia vizuri, meno yakaendelea kucheza.

Safari ya pili alisindikizwa na mkewe. Daktari akampandishia suruali hadi magotini, akainama. Vinywele vya miguuni vilikuwa vimejikunja kama springi, kila kimoja na kidoa chekundu kwenye shina.

"Mzee, hiyo mboga ya kila siku ni ipi?"

"Yai."

"Yai ni mboga?"

"Si ndilo ninalolia mkate?"

"Daktari," mkewe akadakia, "kwa huyu mboga ni chochote kinachokaa karibu na mkate. Jani la kijani mara ya mwisho aliliona kwenye shada langu la harusi."

Daktari alijikaza asicheke, akashindwa. "Hiki ni kiseyeye, mzee. Mwili umeishiwa vitamini C."

"Si cha mabaharia wa zamani hicho? Mimi hata kuogelea sijui!"

"Na chungwa hulijui. Meza vidonge hivi, na matunda ule."

"Midomo yangu je?"

"Bila meno utapuliza nini," mkewe akauliza, "uji?"

Wiki chache baadaye damu ilikata, meno yakatulia. Kiongozi akamwita mazoezini ashindane na yule aliyekalia kiti chake. Mjomba akatoa chungwa mfukoni, akalimenya taratibu, akalifyonza mbele ya wote huku amefumba macho. Mpinzani akapeleka tarumbeta mdomoni, lakini mate yalishamjaa. Ikatoka sauti ya bomba lililopasuka. Mjomba akafuta kidevu, akapuliza mpaka vioo vikatetemeka.

Kiti amerudishiwa, kwa sharti moja: dawa yake ya machungwa akaile nje.