Kombi Iliyonuka Lutuku

Aibu yangu haijaisha, nawaambia ukweli. Mpaka leo nikipita Ruashi kuna mama mmoja anayeuza maharage pembeni ya njia, akiniona tu anatoa ulimi, anaupitisha polepole kwenye midomo, halafu anacheka mpaka anashika kiuno, na mimi naongeza mwendo kwa sababu siku ile alikuwepo, alikaa kiti cha plastiki mstari wa pili na aliona kila kitu.

Ilikuwa miaka ile kampuni ya shaba ilipokuwa inakufa huku tunaiangalia. Mimi nilikuwa mchora namba kwenye karakana: namba za mashine, namba za magari, mistari ya ubavuni, maandishi ya HATARI. Basi mashine zikasimama moja moja, wanajeshi wakapora mji, raia wakamalizia walichokiacha wanajeshi, na mchora namba akabaki bila kitu cha kuchorea namba. Watu wengine walipata hasira, wengine walipata biashara ya mpakani Mokambo, mimi nilipata lutuku. (Kwa wasioijua: ni pombe kali ya mahindi wanayoichoma kina mama nyuma ya nyumba, nyeupe kama maji, na harufu yake inatangulia mtu mlangoni.) Nilikunywa mpaka mke wangu Mwadi akafunga nguo zake kwenye kitenge akarudi kwa baba yake Ruashi. Nilipomfuata, baba mkwe, Papa Serafini, hakunikaribisha hata kukaa. Alisema tu, "Mukwe, utarudia hapa siku kinywa yako itakuwa ya muntu."

Nikaacha. Miezi minane sikugusa hata tone, lakini nani angejua? Mimi nilikaa Naviundu peke yangu, wao Ruashi, na sifa ya mlevi haiondoki kwa sababu mlevi amesema imeondoka. Mwishowe wakapanga siku ya kikao cha ukoo, Jumapili baada ya misa, waamue kama Mwadi anarudi au ndiyo imeisha.

Sasa huyu Papa Serafini alikuwa dereva wa kombi ya kampuni, ile ya bluu yenye mstari mweupe ubavuni. Ilikuwa inawapeleka wake za wafanyakazi hospitali kujifungua. Nusu ya kambi yetu ilifika duniani kwa kombi ile. Mwadi mwenyewe hakungoja hospitali, alizaliwa ndani ya gari, kwenye kiti cha nyuma ya dereva, treni imefunga njia, na kile kiti kiliharibika wakakishonea kitambaa cha kijani, kikabaki kijani peke yake kati ya viti vya kahawia. Siku ya uporaji kombi ilikutwa imesimama juu ya matofali, haina milango, haina viti, haina hata usukani. Papa Serafini aliizunguka mara moja, akakaa chini barabarani na suruali yake ya misa, na tangu siku hiyo, Mwadi aliniambia, hakuwahi tena kutaja neno kombi.

Na mimi nilikuwa na boksi. Injinia mmoja mzungu, alipokimbia, aliacha chini ya meza yake boksi la maketi, gari dogo la mfano la kuunga vipande vipande, na picha juu yake ilikuwa kombi ya zamani, umbo lile lile, pua ile ile ya duara. Nilipolifungua, jamani, nilivipanga vipande mezani kimoja kimoja. Kila kitu kilikuwepo! Vishikio vya milango vidogo kuliko punje ya mchele, vipangusa kioo, gia, pedali tatu, hata kofia ya tangi la mafuta. Mimi mtu mzima niliyepaka magari ya tani hamsini nilikuwa naogopa kupumua karibu na ile pedali.

Nikaamua nitaitengeneza iwe kombi ya Papa Serafini hasa, si ya picha. Wiki sita nilifanya kazi kila asubuhi dirishani. Waya za antena nilizitoa kwenye nyuzi za shaba, kioo cha pembeni nilikikata kwenye karatasi ya fedha ya sigara, vumbi jekundu la njia yetu nililichekecha kwa soksi ya Mwadi nikalipuliza kwenye matairi. Mlango wa kushoto niliubonyeza kidogo kwa sindano ya moto, kwa sababu kombi ya kweli ilikuwa na kishimo pale. Rozari ambayo Papa Serafini aliitundika kwenye kioo cha ndani niliifunga kwa uzi mafundo kumi na moja, nikashindwa kuendelea, macho yalikuwa yanatoa maji. Namba ya mlangoni tu niliiacha wazi. Nilitaka Papa Serafini mwenyewe aitaje kwa kinywa chake, nami niiandike mbele yake.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Rangi niliyokuwa nayo ilikuwa mabaki ya karakana, nzito kama bukari, ugali wetu, na dilia ya kuilainisha haikuwepo mji mzima, petroli hakuna, mafuta ya taa hakuna. Nikajiambia: pombe si pombe? Lutuku itafanya kazi. Nikaenda nyuma kwa Mama Odette, mchoma lutuku wa mtaa, nikanunua chupa moja, nikaificha ndani ya koti, nikatoka nimeinama kama mwizi. Na kweli rangi ililainika, ikatembea vizuri ajabu.

Nakiri kitu kingine. Brashi nyembamba kabisa nilikuwa nimeitengeneza kwa nyuzi tatu za meshi, nywele za bandia ambazo Mwadi alizisahau kwenye kitana chake. Meshi haishiki ncha, inafunguka kama ufagio, lazima uilambe. Basi nachovya, nafuta, nalamba, natema, nachora. Nachovya, nafuta, nalamba, natema. Sikunywa! Chupa ilikaa mezani wiki sita na kila jioni niliipima kwa alama ya mkaa kuona kama imepungua zaidi ya kazi. Lakini kulamba nililamba, na mazoea yakaingia mkononi, nikawa sijioni tena nikilamba.

Jumapili asubuhi nikaona doa kwenye paa, nikaongeza mkono mmoja wa mwisho wa rangi, nikaifunga kombi kwenye gazeti, nikaweka brashi na chupa ndogo ya rangi nyeupe mfukoni, nikaondoka nimevaa shati jeupe.

Uwanja wa Papa Serafini ulikuwa umejaa. Ukoo wote, majirani, wazee wa karakana. Mwadi alikaa nyuma ya mama yake, anaangalia mikono yake. Na nani nilimkuta amekaa hapo amekunja nne? Mama Odette! Kumbe ni ndugu wa mama mkwe kwa upande wa kanisa, na kwa jinsi watu walivyoniangalia nilijua habari ya chupa imefika Ruashi kabla yangu.

Nikafungua gazeti. Ndugu zangu, uwanja mzima ulinyosha shingo, hata kuku nafikiri walisimama. Papa Serafini alinyanyuka polepole. Katika ukoo wao zawadi ya mkwe haitolewi kwa mkono mmoja na haiwekwi chini: mnaishika wawili, mikono minne, mpaka msemaji amalize maneno yote. Basi tukaishika. Msemaji akaanza na mababu wa kule kaskazini waliokuja na reli, akawataja mmoja mmoja, jua linapiga, na mimi nikaanza kuhisi paa la kombi linanivuta vidole. Rangi haikukauka. Nilijaribu kuachia kidole kimoja, kikatoa sauti, tsk. Papa Serafini naye akajaribu, tsk. Tulitazamana.

Halafu joto likafanya kazi yake, na kombi ikaanza kunuka.

"Hapa kuko lutuku," alisema mama mkwe, sauti ya chini, lakini watu wote walisikia.

"Nilibaambia," Mama Odette alidakia. "Miye mwenyewe njo nilimuuzishia."

"Mama, haina miye," nilisema, "iko kombi."

"Kombi?" Mama mkwe alisimama. "Tangu lini kombi inakunywaka lutuku?"

Watu wakalipuka. Wengine walicheka, wengine walisema nifukuzwe, msemaji akapoteza babu aliyekuwa anamtaja, na mimi siwezi hata kukimbia kwa sababu nimenata! Papa Serafini akainua macho. "Mukwe. Unisemee kweli mbele ya bantu. Ulikunywa?"

Ningeweza kusema hapana. Ilikuwa kweli hapana. Lakini kinywa changu kilikuwa kinanuka, nilikuwa najua, na nilimwona Mwadi ameinua kichwa.

"Sikunywa, Papa. Nililamba."

Mimi mwenyewe nilisikia lilivyotoka. Yule mama wa maharage alianguka na kiti chake.

Papa Serafini hakucheka. Alikuwa ameacha kunisikiliza. Macho yake yalikuwa yameingia ndani ya kombi, yakapita usukani, yakapita rozari, yakafika kwenye kiti cha nyuma ya dereva, kile cha kijani. Alivuta pumzi kama mtu aliyeingia maji baridi.

"Mwadi," aliita. "Kuya uone. Ile kiti yako."

Mwadi alikuja, akainama, akaweka jicho kwenye dirisha dogo.  Kisha wazee wa karakana wakasogea mmoja mmoja, vichwa vinagongana, na sikuwahi kuona watu wazima wanaongea kwa sauti ndogo namna ile. "Angalia ile kishimo ku mulango." "Muke yangu alikaliaka pale." "Yesu wangu, pedali bote batatu." Mzee mmoja alivua kofia. Kitu chenye urefu wa kiganja, kimetoka kwenye boksi, na watu walisimama mbele yake kama wako kanisani. Hata mimi niliyekitengeneza nilikiogopa.

"Na numero?" Papa Serafini aliuliza. "Numero iko wapi?"

"Nilikungoja weye uiseme, Papa."

Alijinyoosha mgongo. Akasema, kwa sauti ya dereva anayejibu kwenye geti: "Kumi na ine."

Tukabanduana, tsk tsk tsk, Mwadi akaishika kombi kwa chini, nikatoa chupa na brashi. Uwanja mzima ulikuwa juu ya mabega yangu. Mama mkwe alisema, "Tutaona sasa kama mukono iko na kutetema." Nikachovya. Nikafuta. Na mimi, mbele ya ukoo wote, mbele ya msemaji na wazee na Mama Odette, nikatoa ulimi nikailamba ile brashi yenye lutuku, taratibu, pande zote mbili, nikatema pembeni, nikachora moja.

Nilipogundua, nilikuwa nimeshachovya tena kuchora nne.

Mama mkwe akajifunika uso na kitenge, na kitenge kikaanza kutikisika, na hapo kicheko kikatoka uwanja mzima, watu wakashikana, Mama Odette akapiga makofi akisema, "Alilamba kweli! Masikini, alilamba kweli!" Masikio yangu yaliwaka. Nikamaliza ile nne kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Papa Serafini aliisogeza kombi karibu na jua. Namba ilikuwa ndogo kuliko chembe ya mtama, na mstari mweupe wa ubavuni, mwembamba kama unywele, ulikwenda kutoka taa hadi taa bila kuyumba. Aliufuata wote kwa ukucha wake bila kuugusa.

"Mulevi hachorake hii," alisema. "Mama Mwadi, funga bitu ya mutoto."

Mwadi alirudi Naviundu Jumanne. Kabla ya kunisalimia aliingia ndani, akazichukua brashi zangu zote, akazinusa moja moja, na mpaka leo nikitoka kazini ndivyo anavyofanya, brashi kwanza, halafu mimi. Nami niliapa siku ile, na naapa tena mbele yenu: lutuku haitaingia nyumbani kwangu hata kwa kazi ya rangi, na ulimi wangu utabaki ndani ya meno yangu. Papa Serafini ameshatutangulia. Kombi iko kwetu juu ya kabati. Rangi ya paa ilichukua msimu mzima kukauka, na ilipokauka ilikauka na alama za vidole ishirini, kumi vyangu na kumi vyake. Nimepaka magari mengi tangu hapo, lakini paa lile sijalirekebisha.