Kundi Lisilofundishwa

Rebeccah, muuguzi wa zahanati moja karibu na Kedowa, alikuwa anafanya utafiti wa digrii yake. Wachuma chai wa kituo cha juu cha kupimia majani aliwafundisha mazoezi ya kiuno. Wa kituo cha chini aliwauliza tu habari za maumivu yao. Wao wangefundishwa baada ya miezi miwili. Ndivyo mwalimu wake, Njuguna, alivyotaka: kundi moja lifundishwe, lingine lisubiri.

"Ukiwafundisha wote," alimwambia, "utajuaje ni mazoezi yaliyowasaidia na si majani ya kuchuma kupungua shambani?"

Kura ya kuchagua kituo ilipigwa kwa haki, lakini ikamwangukia vibaya. Mama yake, Phelis, alipeleka majani yake kituo cha chini.

Basi kila jioni mama aliinuka kigodani akishika kiuno, "Woi, huu mgongo," na binti mwenye dawa akakodolea sufuria macho. Wiki ya saba uzalendo ukamshinda. Damu nzito kuliko maji, hata uwe msomi wa kiwango gani. Akamwita mama nyuma ya jikoni, akamwonyesha mazoezi yote.

"Mama, hii usiambie mtu."

Nani aliwahi kumnyamazisha mchuma chai kwenye foleni ya mizani! Siku ya mwisho Rebeccah alifika kituo cha chini na fomu zake, akakuta wanawake ishirini wakingoja lori. Wamejipanga, wanainama na kuinuka, Phelis mbele yao.

"Mama, nilikuambia nini?"

"Sasa ningewaacha waumie?" Phelis alishangaa kweli. "Kwani wewe ulikuwa hutaki tupone?"

Fomu zingeweza kujazwa uongo, na nani angejua? Lakini alimpigia Njuguna simu akasema yote.

"Afadhali umesema," mwalimu alijibu. "Lakini hayo makundi yameharibika. Anza upya, mbali na nyumbani."

Mwezi uliofuata alikuwa upande wa Bomet. Mtu wa kwanza katika kundi la kusubiri alikuwa mama wa umri wa Phelis, aliyejikokota hadi kwenye benchi.

"Sista, huu mgongo utaniua. Hakuna kitu unaweza kunionyesha, hata kidogo?"

Rebeccah alifungua fomu.

"Bado, mama," alisema, akaandika umri wake.